Safari za Familia kwa Treni: Historia ya Reli ya Bungoma na Kitale

Bungoma na Kitale ni miji ya reli, lakini haiko kwenye njia moja. Bungoma iko kwenye njia kuu ya zamani inayotoka Nakuru, ikapanda hadi Timboroa, ikapita Eldoret, Turbo, Lugari na Webuye, kisha ikavuka mpaka pale Malaba kuelekea Tororo na Kampala. Kitale iko mwisho wa tawi la kilomita 65 lililofunguliwa mwaka 1926, linalochepuka kutoka njia kuu kwenye stesheni ndogo ya Leseru, magharibi ya Eldoret. Kwa hiyo mtu wa Bungoma aliyetaka kwenda Kitale kwa treni alianza safari kwa kuipa Kitale mgongo. Alirudi mashariki mpaka Leseru, akashuka na mizigo yake, akangoja gari la tawi, ndipo akaelekea kaskazini-magharibi. Kwa barabara, kupitia Webuye, Misikhu na Kiminini, safari hiyohiyo haina mzunguko wowote wa namna hiyo. Ndiyo maana hata reli ilipokuwa na nguvu zake zote, jamaa wa miji hii miwili walitembeleana kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi. Treni waliiwekea safari za mbali: Nakuru, Nairobi, Mombasa, Jinja na Kampala.

Reli hiyo ilichorwa kufuata mahindi na pamba. Abiria walikuja nyuma ya mzigo, na familia zikaja nyuma ya abiria wengine wote. Jinsi watu wa miguuni mwa Mlima Elgon walivyoichukua reli ambayo haikujengwa kwa ajili yao, wakaifanya njia ya kuwapeleka watoto shuleni, kuwarudisha vijana nyumbani kutahiriwa na kukutana na wazazi kila Desemba, ni sehemu ya historia ambayo vitabu vya injini na madaraja huipita haraka mno.

Kabla ya reli, safari ndefu katika nchi hii ilikuwa ya miguu. Misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika kwa Nabongo Mumia, mahali panapoitwa sasa Mumias, ikapumzika na kununua chakula kabla ya kuvuka kuelekea Uganda. Mingine ilipanda hadi nyanda za Elgon kutafuta pembe za ndovu. Wanawake na watoto waliosafiri mbali siku hizo walikuwa wachache, na wengi kati yao hawakusafiri kwa hiari yao. Safari ya kawaida ya familia ilikuwa ya siku moja au mbili: kwenda kwa wakwe, kwa mjomba, matangani au sokoni.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Desemba 1901 ikagusa Ziwa Victoria pale Port Florence, ambayo sasa ni Kisumu. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walifariki kazini. Pamoja na jina lake, reli hiyo haikufika Uganda. Iliishia ziwani, na abiria wa Uganda wakapanda meli. Bungoma na Trans Nzoia, nchi ya Kitale, zilibaki kando kabisa. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu wa Kimilili au Malakisi aliyetaka kuona treni alitembea hadi Kisumu, mwendo wa siku kadhaa, akiwa na chakula chake mgongoni.

Kwa nyanda za Uasin Gishu, stesheni ya karibu ilikuwa Londiani. Kutoka hapo mizigo ilipandishwa kwa magari ya kukokotwa na maksai, yakizama kwenye tope la msitu mvua inaponyesha. Mwaka 1908 familia 47 za Makaburu kutoka Afrika Kusini, zikiongozwa na Jansen van Rensburg, zilishuka melini Mombasa, zikapanda treni hadi Nakuru, na kuanzia Agosti zikaanza kupanda milima ya Mau kwa magari ya maksai. Walifika nyanda za Uasin Gishu mwezi wa Oktoba. Umbali huohuo treni ya abiria ilikuja kuumaliza kwa usiku mmoja. Vitabu vya walowezi husimulia safari hiyo kama kisa cha ushujaa, na kwa hakika watoto na wazee waliivumilia kwa taabu kubwa. Lakini ardhi waliyokuwa wakiiendea ilikuwa malisho ya Wanandi na wafugaji wengine waliotangulia, na hao hawakuulizwa.

Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, misukumo miwili ilikutana. Uganda ilikuwa ikitoa pamba kwa wingi, na kuipakia melini kisha kuipakua tena Kisumu kulikula muda na fedha. Kwa upande wa Kenya, mpango wa kuwagawia mashamba wanajeshi wa Kizungu waliotoka vitani, ulioanza mwaka 1919, uliwapeleka walowezi wengi Trans Nzoia, nao hawakuwa na njia ya kutoa mahindi yao shambani. Serikali ikaamua kujenga reli mpya kutoka Nakuru kupitia Uasin Gishu hadi Uganda. Ilifika Eldoret mwaka 1924, ikateremka Turbo na Broderick Falls, ambayo sasa ni Webuye, ikapita Bungoma na kuvuka mpaka. Kufikia mwaka 1928 ilikuwa imeungana na reli ya Busoga, iliyokuwapo tangu 1912. Daraja la Jinja juu ya mto Naili lilipokamilika, treni zikaingia Kampala mwaka 1931.

Njia hiyo ilizua ubishi mkali. Kulikuwa na wazo jingine: kuirefusha reli kutoka upande wa Kisumu na kuipitisha Mumias, katikati ya nchi ya Waluhya yenye watu wengi na chakula kingi. Badala yake ilipandishwa mlimani, ikapita kwenye mashamba makubwa ya walowezi wachache. W. McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa idara ya kazi za umma katika koloni hilo, aliikosoa vikali reli ya Uasin Gishu katika kitabu chake *Kenya from Within* cha mwaka 1927. Lawama zake zilikuwa na msingi. Gharama ya kupanda hadi Timboroa, mita 2,785 juu ya usawa wa bahari, mahali pa juu kuliko reli nyingine yoyote ya himaya ya Waingereza, ililipwa kwa ushuru ambao sehemu yake kubwa ilitoka kwa Waafrika waliokuwa mbali na reli hiyo. Na tofauti na reli ya kwanza, hii ilijengwa zaidi kwa mikono ya Waafrika wenyewe. Maelfu waliajiriwa kuchimba na kupasua mawe katika baridi ya Mau, na si wote walioenda kwa kupenda, kwa maana machifu walisukumwa watoe vijana.

Tawi la Kitale lilifuata mantiki hiyohiyo. Kufikia mwaka 1930 yalikuwa yamejengwa matawi kadhaa ya kuhudumia mashamba: Solai, Thomson's Falls ambayo sasa ni Nyahururu, Nanyuki na Kitale. Upande wa Nyanza, reli ya Kisumu ilirefushwa hadi Butere katika miaka ya 1930, nayo ikawa msaada mkubwa kwa Waluhya wa kusini. Katikati ya tawi la Kitale kulikuwa na stesheni ya Hoey's Bridge, iliyoitwa kwa jina la mwindaji na mlowezi Arthur Cecil Hoey aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia. Leo ni Moi's Bridge, mji wa maghala makubwa ya nafaka, na maghala hayo hayakujengwa karibu na reli kwa bahati.

Kwenye matawi kama hili, treni ya abiria peke yake haikuwa desturi. Kilichokuwapo ni treni ya mchanganyiko: mabehewa ya magunia ya mahindi, ya mbolea, ya ng'ombe, na pamoja nayo machache ya watu. Ratiba iliandikwa kwa faida ya mzigo. Magunia yakichelewa kupakiwa, watu walingoja. Injini ikihitajika kusogeza mabehewa kwenye njia ya pembeni, watu walikaa wakitazama. Familia iliyopanga kutoka Kitale ilijipangia siku nzima hata kwa safari fupi, na mama mwenye busara alibeba chakula cha kutosha mara mbili.

Stesheni zilizaa miji. Bungoma ilikua kuizunguka stesheni: kwanza maduka ya Wahindi yenye paa za mabati, halafu wanunuzi wa mahindi na pamba, vinu vya kusaga, soko, na hatimaye katika miaka ya 1950 ikawa makao makuu ya wilaya mpya ya Elgon Nyanza. Kitale ilikuwa tofauti. Reli iliifanya mlango wa kaskazini: kila aliyekuwa akielekea Kapenguria, Lodwar au Turkana alishuka hapo na kutafuta lori. Jomo Kenyatta na wenzake waliposhtakiwa Kapenguria kuanzia mwishoni mwa 1952 hadi Aprili 1953, mawakili wao walilazimika kulala Kitale na kwenda mahakamani kila siku kwa gari, kwa sababu Kapenguria haikuwa na hoteli wala simu. Serikali ilikuwa imechagua mahali palipo mbali na reli kwa makusudi.

Ubao wa stesheni kwenye reli hii ulikuwa somo dogo la jiografia. Chini ya jina la mahali yaliandikwa kimo chake juu ya bahari kwa futi na umbali wake kutoka Mombasa kwa maili. Mtoto aliyeanza kujua kusoma aliweza kufuata kwa macho jinsi nchi inavyopanda na kushuka: Nairobi, kisha juu hadi nyanda za Limuru, chini Naivasha na Nakuru, juu tena kupita kiasi Timboroa, halafu kuteremka kwa muda mrefu hadi Bungoma, yapata mita 1,400, ambako hewa huwa ya joto na mashamba ya miwa na mahindi huonekana pande zote mbili.

Ndani ya treni, nchi yote ya kikoloni ilikuwa imepangwa kwa madaraja. La kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, na la tatu la Waafrika. Kwa sehemu nauli ndiyo iliyopanga hivyo, na kwa sehemu desturi iliyolindwa na wafanyakazi wa reli. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili viwili, la pili vitanda vinne, na la tatu viti vya mbao vya kukalia usiku kucha. Mwafrika wa miaka ya 1920 na 1930 alisafiri pia na kipande chake, hati ya kazi iliyovaliwa shingoni ndani ya kasha la chuma, na bila hiyo angeweza kukamatwa njiani. Katika hali hiyo, wazo la baba kumchukua mkewe na watoto na kwenda nao mjini kwa ajili ya matembezi lilikuwa mbali. Mwanamume aliondoka peke yake, mke akabaki na shamba. Vyumba vya wafanyakazi Nairobi vilijengwa kwa ajili ya wanaume wasio na familia, na treni iliwapeleka na kuwarudisha kama ilivyopeleka na kurudisha magunia.

Mabadiliko yalikuja polepole baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, mwajiri mkubwa kuliko wote katika eneo hili. Shirika lilihitaji wafanyakazi wa kudumu: mafundi, makarani, walinzi wa treni, wakuu wa stesheni. Waluhya wengi waliingia katika kazi hizo, na nyumba za wafanyakazi wa reli Nairobi, hasa Muthurwa na Makongeni, zikajaa watu wa Bungoma, Kakamega na Busia waliokaa na wake na watoto. Hapo ndipo safari ya familia kwa treni ilipopata maana kamili, kwa sababu sasa kulikuwa na familia yenye nyumba mbili: moja ya kazini na moja ya nyumbani, na reli ikiwa katikati.

Wanafunzi walitangulia katika hili. Shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926, karibu na stesheni ya Kikuyu kwenye njia kuu. Reli ilipofika Kampala, Chuo cha Makerere nacho kikawa kwenye njia hiyohiyo, upande wa pili. Kijana wa Bungoma aliweza kwenda kusoma mashariki au magharibi kwa kukaa kwenye behewa moja tu. Kwa wazazi wengi, mara ya kwanza kununua tiketi ilikuwa ya mtoto wa shule, na mara ya kwanza kufika stesheni ilikuwa kumsindikiza.

Kupanga safari ya Desemba kutoka Nairobi kwenda Bungoma kulikuwa kazi ya majuma kadhaa. Kwanza likizo: baba aliiomba mapema, maana kila mtu aliitaka wakati uleule. Pili tiketi. Daraja la tatu halikuwa na nafasi ya kuwekewa, hivyo waliosafiri nalo walifika stesheni mapema, mtu mmoja akapenya kwanza na kulalia kiti kizima huku wengine wakipitisha watoto na mabunda dirishani. Waliojiweza walipanga chumba cha daraja la pili. Hapo kulikuwa na kanuni iliyoamua mengi: wanaume na wanawake hawakulala chumba kimoja, isipokuwa familia ikijaza vitanda vyote vya chumba hicho. Wazazi na watoto wawili walitosha chumba kimoja kikamilifu. Watoto wakiwa watano au sita, ama walibanana wawili kwa kitanda, ama familia iligawanyika, mama na wadogo huku, baba na wavulana kule.

Tatu chakula. Gari lilikuwa na behewa la kulia, lenye vitambaa vyeupe mezani, na mhudumu alipita ukumbini akigonga kimarimba kuwaita watu. Kwa familia ya mfanyakazi wa kawaida, hicho kilikuwa kitu cha kusikia kikipita. Chakula kilitoka nyumbani: chapati zilizofungwa kwa kitambaa, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, chai ndani ya themosi. Treni iliposimama Naivasha au Nakuru, wauzaji walikimbia chini ya madirisha na mahindi ya kuchoma na ndizi, na bei zilipatanwa haraka kabla ya firimbi.

Nne blanketi. Gari la magharibi liliondoka Nairobi mchana na kupita Mau usiku. Msafiri aliyevaa shati la Nairobi alijuta karibu na Timboroa, ambako baridi hupenya kwenye kila ufa wa dirisha. Wazazi waliojua njia waliwafunika watoto tangu Nakuru, kabla hawajalala, kwa sababu kumfunika mtoto aliyekwisha kuamshwa na baridi ni vigumu zaidi. Reli ilikuwa ya njia moja, kwa hiyo gari la kupanda lilisimama kwenye stesheni ndogo gizani kupisha gari la kushuka, wakati mwingine kwa muda mrefu. Asubuhi ilipopambazuka walikuwa Uasin Gishu au wameipita, na wa Kitale walikwisha kuachana na wenzao.

Mizigo ya kwenda na ya kurudi ilitofautiana. Kwenda magharibi kulibebwa vitu vya dukani: sukari, sabuni, nguo mpya za watoto, bati moja au mawili ikiwezekana, na redio katika miaka ya 1960. Kurudi Nairobi kulibebwa unga wa mahindi na wimbi, maharagwe, ndizi mbichi, na kuku hai aliyefungwa miguu na kuwekwa chini ya kiti. Katika nchi ya Waluhya mgeni wa heshima hupewa kuku, na familia iliyoondoka kwao bila kuku ilijulisha stesheni nzima kwamba haikupokewa vizuri.

Safari kubwa kuliko ya Desemba ilikuwa ile ya Agosti ya mwaka wa shufwa. Wabukusu, Waluhya wa nchi ya Bungoma, hutahiri vijana wao kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Agosti, katika miaka inayogawanyika kwa mbili: 1962, 1964, na kuendelea mpaka leo. Kila kundi huingia katika rika lenye jina lake, kama Kolongolo, Kananachi au Maina, na majina hayo huzunguka kizazi hata kizazi. Mvulana aliyezaliwa Makongeni au Eldoret alipaswa kurudi. Kabla ya siku yenyewe alitembea kwa jamaa mmoja mmoja akipiga njuga za chuma ziitwazo chinyimba kuwaalika, na kwa mjomba, ndugu wa mama yake, alipewa nyama ya kuvaa shingoni, iitwayo likhoni. Mambo hayo hayawezi kufanywa na mtoto aliyeshuka garini jana jioni. Kwa hiyo familia zilisafiri mapema, mara tu shule zilipofungwa, na mabehewa ya magharibi ya mwanzo wa Agosti yalijaa wavulana, shangazi na mabunda. Ratiba ya reli haikuiandika sherehe hii popote, lakini nchi ya Bungoma iliipanga miaka yake ya kusafiri kwa kuifuata.

Uhuru wa mwaka 1963 ulibadilisha pia ramani ya jamaa. Mashamba ya walowezi Trans Nzoia na Lugari yaligawanywa au kununuliwa na vyama vya ushirika, na familia nyingi za Kibukusu zikahamia huko. Watoto wa boma moja wakawa na nyumba Bungoma, Lugari, Moi's Bridge na Kitale. Katika miaka hiyo ndipo mzunguko wa Leseru ulipowaumiza watu zaidi, maana sasa jamaa walikuwa pande zote mbili za pembe ile ya reli, na treni haikuweza kuwaunganisha kwa njia ya akili.

Barabara iliweza. Ushindani wake ulikuwa umeanza zamani. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya leseni za uchukuzi mwaka 1937 kuilinda reli isinyang'anywe mizigo na malori. Lakini wakati wa Vita vya Pili serikali hiyohiyo iliwatumia wafungwa wa vita Waitaliano kujenga barabara ya kushuka Bonde la Ufa kutoka nyanda za Limuru kwenda Naivasha. Kanisa dogo walilojijengea kando ya barabara hiyo, karibu na Mai Mahiu, bado lipo, na wasafiri wa magharibi hulipita kila siku. Barabara hiyo ilifungua njia kwa mabasi. Mabasi ya kampuni ya OTC yaliingia mpaka masoko ambayo hayakuwahi kuona reli, na mwaka 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, gari likaanza kumchukua msafiri karibu na mlango wake. Kwa mama mwenye watoto wadogo na gunia, kushushwa Chwele au Kimilili badala ya stesheni ya Bungoma kulikuwa na thamani zaidi kuliko kitanda cha treni.

Hata hivyo, si mabasi peke yake yaliyoua treni ya abiria. Treni ya abiria ya magharibi haikujitegemea kifedha wakati wowote. Ilibebwa na mzigo, na mzigo ulipopungua nayo ilipungua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika la pamoja likagawanywa, na Shirika la Reli la Kenya likaanza kazi mwaka 1978 likiwa na njia iliyokatwa vipande na injini chache. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills, kilichoanza kuzalisha Webuye mwaka 1974, kilikuwa mteja mkubwa, lakini kilisimama mwaka 2009. Bomba la mafuta lilifika Eldoret na Kisumu mwaka 1994, na mafuta yakatoka kwenye mabehewa. Mahindi ya Kitale na Moi's Bridge yalihamia kwenye malori. Kila mzigo ulioondoka ulichukua nao sehemu ya sababu ya kuitunza njia, na njia isiyotunzwa hupunguza mwendo wa treni, na treni ya polepole hukimbiwa na abiria waliobaki. Katika miaka ya 1990 bado kulikuwa na gari la abiria la Nairobi hadi Malaba. Reli ilipokodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, familia za Bungoma zilikuwa zimekwisha kuzoea mabasi ya usiku. Mkataba huo ulivunjwa mwaka 2017.

Mwaka huohuo reli mpya ya geji ya kawaida, SGR, ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi, na Oktoba 2019 ikafikishwa Naivasha. Reli ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ikarudi. Njia ya Malaba ilikarabatiwa kwa ajili ya mizigo ya Uganda.

Familia ya Bungoma au Kitale inayotaka leo kuwapeleka watoto baharini kwa treni hupanga safari ya vipande viwili. Basi la usiku huwafikisha Nairobi alfajiri, na kutoka Stesheni Kuu ya zamani kuna treni ya kuwapeleka Syokimau, ambako treni ya kaunti ya SGR huondoka saa mbili asubuhi na kusimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani. Tiketi hununuliwa kwa simu kwa kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 nauli kamili hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza. Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipiwa nusu, na wa chini ya hapo hupakatwa bure. Wazazi na watoto wawili wa kulipiwa nusu wanahitaji shilingi 4,500 kwa daraja la kawaida, kwenda tu, kabla ya kuhesabu basi la kutoka nyumbani. Viti vya Desemba na vya likizo ya Agosti huisha mapema, na kitambulisho cha kila mtu mzima hukaguliwa mlangoni.